Mzigo wa Vita Juu ya Kichwa cha Mama

Wazee wetu walinena kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Methali hii twaisikia kila mara vita vinapotajwa, nasi hatuna haja ya kuikanusha. Lakini yafaa tuseme kwamba ina upungufu mmoja. Nyasi hukanyagwa tu. Hazichoti maji, hazisenyi kuni, hazimbembelezi mtoto mwenye njaa, wala hazigawi kibaba kimoja cha mahindi kwa vinywa saba. Mwanamke wakati wa vita hukanyagwa kama nyasi, na papo hapo hutakiwa kuyafanya hayo yote, tena kila siku, kana kwamba hapana lililotokea.

Leo twapenda kulizungumza jambo hili kwa kuzitazama wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Ngara na Biharamulo. Katika miaka ya 1990 wilaya hizi hazikuwa uwanja wa mapigano. Hapana jeshi lililozishambulia, na bendera yetu haikuteremshwa hata siku moja. Hata hivyo, vita vya majirani viliingia mpaka jikoni kwa watu wake. Ndiyo sababu twasema kwamba atakaye kujua vita ni kitu gani asiwaulize majemadari peke yao. Awaulize pia akina mama wa Ngara na Biharamulo.

Kwanza tukumbushane mahali penyewe palivyo. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Mto Kagera pale Rusumo ndio mpaka. Mhangaza wa Bugufi na Mrundi wa ng'ambo huzungumza wakaelewana bila mkalimani, kwa maana Bugufi ilikuwa sehemu ya Burundi zamani, kabla ya wakubwa wa Ulaya kuikata na kuitia Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Biharamulo nayo yavijua vita tangu enzi hizo. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia katika boma la Wajerumani pale mjini, yakiwa njiani kwenda Tabora. Kila mahali majeshi ya vita ile yalipopita, wanaume walitwaliwa kuwa wapagazi, na wanawake wakabaki na jembe, watoto, na ghala iliyofagiwa na askari wapitao. Vitabu vimeandika majina ya majenerali. Jina la mwanamke aliyelima peke yake msimu ule halikuandikwa popote.

Tangu mwaka 1959 Wanyarwanda walianza kukimbilia huku. Mwaka 1972 wakaja Warundi. Na baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, wakaja Warundi wengine kwa maelfu. Lakini hayo yote yalikuwa kama manyunyu kabla ya mvua. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikiri kwamba halijapata kuona watu wengi namna ile wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Chini ya daraja hilo, katika maji ya Kagera, zilikuwa zikipita maiti za Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari, zikielekea Ziwa Viktoria. Na kando ya ziwa hilo wapo walioacha kula samaki kwa muda kwa sababu ya hofu na simanzi.

Watu hao waliwekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara. Palichaguliwa kwa sababu palikuwa na bwawa dogo la maji. Basi mji ulizaliwa kwa siku chache, mji wa maturubai, mkubwa kuliko miji mingi ya nchi yetu, usio na choo, wala soko, wala kisima. Baadaye yalifuata makambi mengine: Lumasi, Musuhura, Lukole, Kitali. Idadi ya wageni katika Wilaya ya Ngara ikazidi idadi ya wenyeji.

Hapo ndipo vita vya akina mama vilipoanza, navyo vilikuwa vita vya mambo matatu: maji, chakula na kuni.

Habari ya maji haihitaji maneno mengi. Mahali penye robo milioni ya watu na bwawa moja, foleni ya madumu huanza kabla ya alfajiri. Anayesimama katika foleni hiyo ni mama au binti yake. Binti akisimama foleni, hayuko darasani. Na mama akisimama foleni, mtoto mchanga yuko mgongoni juani, au ameachiwa mtoto wa miaka sita amlee. Saa hizo hazikuandikwa katika hesabu yoyote ya vita, lakini ndizo zilizokuwa maisha yenyewe.

Habari ya chakula ina fumbo ndani yake, na twaomba msomaji atusikilize kwa makini. Katika miezi ya kwanza mgao ulipitia mikononi mwa viongozi wa komuni waliotoka nao Rwanda. Kwa mtu aliye mbali jambo hilo laonekana ni la busara, kwa kuwa viongozi huwajua watu wao. Lakini viongozi hao walikuwa akina nani? Mmoja wao alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Murambi. Mwezi wa Juni 1994, wafanyakazi wa misaada walipotaka aondolewe kambini, umati wa watu uliwazingira kwa vitisho. Mtu huyo mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, na mwaka uliofuata rufani ikakiweka kifungo chake kuwa miaka 40. Basi, mwenye kumwaga damu akishika kibaba, mjane asiye na mwanamume wa kumsemea atapata nini? Viongozi walizidisha hesabu ya watu wao, ziada ikauzwa, na aliyepunjwa alikuwa yule asiye na sauti.

Hatimaye utaratibu ulibadilishwa, na mgao ukatolewa kwa kila kaya. Hili lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, kadi iliandikwa kwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alihesabiwa kuwa ni mume. Mume akiwa mwema, hapana neno. Mume akiwa mlevi, au akioa mke wa pili akahamia kwake na kadi mfukoni, mke wa kwanza na watoto hubaki wakitazama malori yakipita. Katika kambi ya Lukole, ambako Warundi waliishi kwa miaka mingi, mtafiti wa Denmark, Simon Turner, aliwasikia wanaume wakinung'unika kwamba wake zao wanaliona shirika la wakimbizi kuwa ni mume bora kuliko wao. Wako watakaocheka wakisikia hayo. Sisi hatucheki. Mwanamume aliyenyang'anywa jembe, ng'ombe na kazi ya kulisha wanawe ameumizwa pia na vita. Lakini asitafute heshima yake iliyopotea kwa kumpiga mkewe, wala kwa kuuza mahindi ya watoto.

Habari ya kuni ndiyo chungu kuliko zote. Chakula kilichotolewa kilikuwa hasa mahindi na maharage makavu pamoja na mafuta. Kila mpishi anajua kwamba maharage makavu yataka moto wa saa nyingi, na mahindi yasiyosagwa zaidi. Kwa hiyo aliyeamua aina ya chakula, akiwa katika ofisi ya mbali, alikuwa ameamua pia idadi ya mizigo ya kuni, ingawa yeye mwenyewe hakulifahamu jambo hilo. Makambi ya Kagera wakati wa msongamano mkubwa yaliteketeza zaidi ya tani 1,000 za kuni kwa siku. Mwanzoni kuni zilikuwa nyuma ya hema. Kadiri miti ilivyokwisha ndivyo mwendo ulivyorefuka, hata ukafika kilometa kumi na zaidi. Na katika njia hizo za porini, mbali na macho ya watu, wanawake na wasichana walivamiwa na kubakwa. Wengine hawakusema, kwa kuwa aliyesema aliaibishwa mara ya pili. Kesho yake alitwaa kamba yake akaenda tena porini, kwa sababu watoto hawali maharage mabichi.

Ilichukua muda hata wahusika wakatambua kwamba kuni si shauri la jikoni tu bali ni shauri la usalama. Ndipo ukafundishwa utengenezaji wa majiko ya udongo yanayotunza moto, na wanawake wakahimizwa kuloweka maharage usiku na kufunika chungu. Mambo hayo ni madogo mno kuyataja mbele ya mabalozi. Lakini mama aliyepunguziwa safari mbili za porini kwa juma alipewa ulinzi ambao hapana bunduki iliyompa.

Hadi hapa tumesema habari za mgeni. Je, mwenyeji? Twajua methali isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wenyeji waliopona kweli. Mkungu wa ndizi na muhogo vilipata soko ambalo halijapata kuonekana, kwa kuwa mgeni aliyechoka na mahindi alitamani chakula alichokizoea. Akina mama wa Ngara walipika na kuuza chakula kwa madereva na wafanyakazi wa misaada, wakajipatia fedha zao wenyewe. Tena wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nao wageni walishika jembe kwa ujira wa chakula, na wenye mashamba makubwa wakayapanua.

Lakini faida hiyo haikugawanywa sawa. Aliyekuwa na shamba kubwa alipata vibarua kwa bei nafuu. Mjane wa kijijini, ambaye zamani aliishi kwa kulima kibarua katika shamba la jirani, alikuta nafasi yake imechukuliwa na mtu mwenye shida kuliko yeye. Mazao yaliibwa usiku, na miti iliyopandwa kando ya nyumba ikakatwa. Mwenyeji naye alikuwa mama anayekwenda kuni, na msitu uliokwisha kwa mgeni ulikwisha kwake pia. Hospitali za Murgwanza na Rulenge, zilizojengwa kwa ajili ya wilaya moja, zilipokea majeruhi na wagonjwa wa nchi tatu. Na mama mjamzito wa Kihangaza alipanga foleni pamoja na wote. Wauguzi na walimu wengine waliacha kazi za Serikali wakafuata mishahara mikubwa ya mashirika ya misaada.

Biharamulo nayo ilipata fungu lake. Malori ya chakula yalipita huko mchana na usiku. Lakini silaha za vita vya majirani nazo zilipita, na kwa miaka mingi mabasi ya njia hizo yaliweza kuvuka misitu ya Biharamulo kwa kusindikizwa na askari polisi wenye bunduki. Mama aliyekwenda kuuza dagaa au vitenge aliingia basini asijue kama atarudi na mtaji wake, au kama atarudi kabisa. Je, hivyo si vita? Kama si vita, basi twaomba tuambiwe ni amani ya namna gani.

Wako waliowatazama wanawake hawa wawili, mgeni na mwenyeji, wakasema kwamba ni maadui waliogombania kisima kimoja. Sisi hatukubali. Mmoja alikuwa amebeba vita vya nchi yake, mwingine amebeba vita visivyokuwa vyake, na wote wawili hawakuulizwa lolote, wala vita vilipoanza, wala kambi ilipochaguliwa, wala mgao ulipopangwa.

Kwamba kumwuliza mwanamke huleta tofauti, ushahidi wake hauko mbali. Uko hapa hapa nchini, Arusha. Umoja wa Mataifa ulianzisha mahakama ya mauaji ya Rwanda mwezi wa Novemba 1994. Hati ya mashtaka dhidi ya Jean-Paul Akayesu, mkuu wa komuni ya Taba, ilipoandikwa mwaka 1996 haikutaja kubaka hata kwa neno moja. Wapelelezi walikuwa wamehesabu maiti, wasihesabu mateso ya wanawake waliobaki hai. Mwanzoni mwa mwaka 1997 mwanamke mmoja, akitoa ushahidi juu ya mambo mengine, alieleza mbele ya mahakama jinsi binti yake mdogo alivyobakwa. Kati ya majaji watatu alikuwapo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Maswali yakaulizwa, mashahidi wengine wakaja, mashtaka yakarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilitamka, kwa mara ya kwanza duniani, kwamba kubaka kwaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mwenye kubaka. Mama mmoja wa shamba alisema, na dunia ikabadili sheria yake. Laiti angeulizwa mapema.

Lakini haikuwa hivyo makambi yalipofungwa. Mwanzoni mwa Desemba 1996 Serikali pamoja na shirika la wakimbizi ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Viongozi wa makambi waliwaongoza maelfu ya watu kuelekea mashariki, ndani ya nchi, wakikwepa kurudi. Askari wetu wakawazuia, wakawageuza. Basi barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii watu wakielekea upande wa pili, karibu nusu milioni, katika mvua, mama akiwa na godoro kichwani, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nchi yetu ilikuwa imebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Hilo hatulifichi wala hatulionei haya. Lakini katika safari ile mwanamke hakuulizwa na viongozi wake waliomkimbiza porini, na hakuulizwa na sisi tuliomrudisha barabarani.

Tena mwaka 2013, wahamiaji wasio na hati walipotakiwa kuondoka Kagera na mikoa jirani, zilikuwapo nyumba ambamo mume alikuwa na karatasi na mke hana, au mke anayo na mume hana, na watoto wamezaliwa hapa. Dola ina haki ya kulinda mpaka wake. Lakini mpaka upitao katikati ya kitanda cha mume na mke wataka mkono wa uangalifu mwingi, na sikio la kumsikiliza mwenye kitanda.

Basi twasema nini? Hatusemi kwamba nchi yetu iache ukarimu wake. Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa sababu ya ukarimu huo, na maelfu mengi ya wakimbizi wamepata uraia wetu tangu wakati ule. Twasema kwamba ukarimu usiopita kwa mwanamke hufika nusu. Mwaka 2001 shirika la wakimbizi lenyewe liliahidi kwamba wanawake wawe nusu ya kamati za makambi, kwamba kila mwanamke aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, na kwamba washiriki katika kugawa chakula. Yaliyoahidiwa mwaka 2001 ndiyo yaliyohitajika Benaco mwaka 1994. Ahadi ilichelewa miaka saba, na miaka hiyo saba ilibebwa vichwani.

Vita havipigi hodi. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, na wengi wao walipokelewa Kigoma, katika Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Hatujui ni lini mlango utagongwa tena, wala ni upande gani. Lakini twajua maswali ambayo mkuu wa wilaya yeyote apaswa kuyauliza siku ya kwanza, kabla hema la kwanza halijasimamishwa. Maji yako umbali gani, na njia yake ina usalama? Kuni zitatoka wapi, na nani atakwenda kuzileta? Kadi itaandikwa kwa jina la nani? Tena maswali hayo asiwaulize wanaume waliokaa mbele kwenye viti. Awaulize wanawake waliosimama nyuma, na wa kijiji jirani wawe pamoja nao, maana kisima ni kimoja.

Leo pale Rusumo pana daraja jipya, na maporomoko yake yanazalisha megawati 80 za umeme unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Maji yale yale yaliyobeba maiti mwaka 1994 sasa yanaleta nuru, nasi twafurahi. Serikali nayo mwaka 2024 ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Twauunga mkono. Lakini mkakati huo tutaupima kwa kipimo kimoja tu: siku ambayo mama wa Ngara na mama wa Biharamulo wataining'iniza ukutani kamba ya kuni, wasiihitaji tena, ama kwa amani ama kwa vita. Hata siku hiyo ifike, vita vya jirani kwao havijakwisha.